Mbwa Aliyelishwa na Kila Mtu

Nyumbani kwetu Masama baba aliweka sheria: mbwa anakula mara moja kwa siku, jioni, ugali na dagaa, na anayempa ni mimi binti yake wa mwisho, si mwingine. "Mbwa akishibishwa hovyo halindi," alisema. Mbwa wetu alikuwa mnene kuliko ugali niliompa, ila hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Asubuhi iliyofuata Pasaka tulimkuta amelala migombani, ametapika. Alipojikokota hadi mlango wa jikoni, akaharisha palepale, kisha akatazama pembeni kama mtu aliyeaibika ugenini.

Mama akatoka na vidonge vya rangi mbili. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria miaka hiyo. Dawa zilipita mpakani Holili kutoka Kenya, zikauzwa hata kwenye maduka ya sukari na mafuta ya taa, na mama alitibu kila kitu kwa vidonge vile. Baba akamzuia, akanituma kwa bwana mifugo.

Bwana mifugo alipofika alimwamkia bibi, mama yake baba tuliyeishi naye, akamvuta mbwa ngozi ya shingo kuona kama amekaukiwa maji, akamtazama fizi.

"Jana alikula nini?"

"Ugali," baba akajibu. "Huyu hali kingine."

Bwana mifugo akaokota kijiti, akachuchumaa, akayapekua matapishi taratibu.

"Hii ni ngozi ya kuku."

Mama akatazama paa. "Ilikuwa inatupwa tu."

"Hizi ni ndizi na maharage."

"Kiburu changu," bibi akasema. "Mimi sina meno. Kinachonishinda nampa yeye."

"Na haya mafuta ya mbuzi?"

"Hayo pia yangu. Ilikuwa Pasaka."

Bwana mifugo akasema mafuta ndiyo yaliyomwangusha. Kisha akauliza kama kinyesi chake kilikuwa laini hata siku za kawaida. Nikasema ndiyo, tangu zamani.

"Basi kuna anayempa maziwa. Mbwa wengi wakishakua, maziwa huwavuruga tumbo."

Baba akakohoa. "Kidogo tu. Asubuhi, nikishakamua."

Mama akamgeukia polepole. Kwa miezi mingi alikuwa ameambiwa ng'ombe amepunguza maziwa, naye alikuwa akishuka bondeni kumtafutia majani ya ziada.

"Ng'ombe amepunguza," akasema, kwa upole uliotutisha wote.

Bwana mifugo akatuagiza: leo asile kitu, apewe maji kidogo kidogo. Kesho wali laini na kuku wa kuchemsha, bila ngozi, mafuta wala kitunguu, kwa vipimo vidogo. Dawa ya binadamu asipewe kamwe, nyingine humuua. Akitoa damu au akishindwa kunywa, aitwe haraka.

Siku ile tulishinda tukilindana. Bibi akiinuka, baba naye anainuka. Mama hakumwondolea baba macho.

Kesho yake mama akapika. Kwetu wali na kuku siku ya kazi ilikuwa ishara ya mgeni mkubwa, na harufu ikavuka ua. Jirani akaja kuuliza nani amefika.

"Hakuna mgeni," bibi akamjibu. "Tuna mgonjwa."

Jirani hakusubiri maelezo. Mchana akarudi na akina mama watatu wa jumuiya, rozari mkononi na sufuria ya mtori, supu nzito ya ndizi, kichwani. Wakatupa pole, wakauliza mgonjwa amelazwa chumba gani.

Baba akaonyesha migombani kwa kidole. Mbwa alikuwa amekaa, anajilamba wali puani.

Mkubwa wa wale akina mama akakunja rozari, akaitia mfukoni.

"Anaendeleaje?" akauliza.

"Ameacha kuharisha," mama akasema.

"Tushukuru."

Mtori haurudishwi nyumbani, kwa hiyo tukaketi wote uani tukala. Ulikuwa na nyama ya mafuta, na mbwa akasikia harufu yake. Baba alikula kwa mkono mmoja. Wa pili ulimshika mbwa shingoni hadi sufuria ilipokwisha. Alipomwachia, mbwa akaenda kulala miguuni kwa bibi, na mama akahamisha kiti chake katikati ya mkono wa bibi na mdomo wa mbwa.