Blanketi Lililotiwa Wanga

Shemeji yangu hajawahi kuonekana na shati lenye mkunjo, hata siku aliyoanguka. Tulimkuta amelala uani kando ya beseni, kamba ya nguo iliyokatika imemzunguka mguu, na jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba shuka za nyumba ya wageni zisiguse chini. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake, alimnyanyua yeye. Mimi nilinyanyua shuka, maana nilijua bila hivyo tusingeelewana.

Ni dobi. Mtaani wanamwita Nyoosha, na hilo jina limemkaa vizuri. Mke wake alishatangulia mbele ya haki, binti yake wa pekee ameolewa mji wa mbali, na aliyebaki naye nyumbani ni mbwa. Mbwa huyo anaitwa Kifungo kwa sababu alipokuwa mdogo alimeza kifungo cha koti la mteja, na shemeji akashinda akimfuata nyuma na kijiti mkononi, akisubiri kitoke. Kilitoka. Akakifua, akakishona mahali pake, na mwenye koti hajui mpaka leo.

Sasa wamezeeka wote wawili. Macho ya Kifungo yameingia ukungu, haoni kitu, lakini ndani ya kile chumba ungedhani anaona. Alijua meza iko wapi, ndoo iko wapi, nani ameingia na ametoka wapi. Pua ndiyo ilikuwa macho yake. Mahali pake pa kulala palikuwa chini ya meza ya kupigia pasi, miguuni pa bwana wake, na majivu ya pasi ya mkaa yalikuwa yakimdondokea mgongoni wala hajali.

Baada ya kuanguka, daktari alisema wazi kwamba akianguka tena, nyonga ile haitaunga. Kwetu hawezi kukaa, tunaishi juu ghorofani na ngazi zetu hata mimi zinanitoa jasho. Binti yake akapiga simu. "Baba, huwezi kuishi peke yako tena. Chumba chako kipo, kiko chini, bafu liko mlangoni. Njoo."

"Nitakuja," akasema shemeji. "Na Kifungo."

"Baba, mbwa tutampata mwingine huku."

"Basi na baba tafuta mwingine huko huko."

Akakata simu. Huyo ndiye shemeji yangu, mpole kama maji ya mtungi mpaka umguse pale. Nilijua hatanii. Bila Kifungo asingekwenda, na asipokwenda tungemkuta siku moja tena kando ya beseni, na safari hiyo pengine hana la kusema kuhusu shuka. Nilikuwa sipati usingizi kwa wazo hilo.

Binti akasalimu amri, akaulizia kwenye reli. Mbwa anasafiri, wakamwambia, ndani ya behewa la mizigo, ilimradi ana cheti cha chanjo na kizimba imara chenye hewa, kinachomtosha kusimama na kugeuka. Seremala wa jirani akakitengeneza kwa mbao, na mlango wa nondo. Hapo shemeji alinishangaza. Mtu mwingine angekiweka kizimba kando mpaka siku ya safari, amkamate mbwa amsukumize ndani. Yeye alikiingiza chini ya meza ya pasi, mlango wazi, akatandika humo blanketi kuukuu la Kifungo na kumwekea chakula ndani yake. Mwanzoni mbwa alinyoosha shingo tu, akala, akarudi nyuma. Baadaye akaanza kuingia mwili mzima. Siku niliyomkuta amejikunja humo anakoroma, nilisema, "Shemeji, huyu mbwa amepata nyumba yake mwenyewe, mimi bado napanga."

Mzigo wenyewe ulikuwa mzigo. Bakuli zito la bati, lisipinduke treni ikiyumba. Dumu la maji ya nyumbani, kwa sababu maji ya ugenini humharibu mbwa tumbo. Chakula alichokizoea, si kitu kipya. Kamba mbili, moja ikikatika ipo nyingine. Kifungio cha mdomo, ingawa meno ya Kifungo yaliyobaki hayamtishi mtu. Na matambara ya kufutia akitapika, ambayo shemeji aliyapiga pasi na kuyakunja pembe tatu kama yanakwenda kwenye meza ya harusi. Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Ubaya ulianza na mkwe. Mchana wa kuamkia safari nilifika kumsaidia kufunga, nikamkuta mikono imejaa povu.

"Shemeji, unafua nini tena? Tumemaliza!"

"Ninakwenda kuishi kwa mkwe wangu," akasema. "Mtu ambaye hata kula naye naona haya. Niingie nyumbani kwake na mbwa anayenuka?"

"Mbwa ananuka mbwa, shemeji. Ulitaka anuke waridi?"

Nilikuwa najisemea peke yangu. Alikuwa ameshamwogesha Kifungo mpaka anang'aa. Blanketi lilikuwa kambani, na siyo kwamba alilifua tu, alilitia wanga. Wanga! Jioni ile alilipiga pasi, likasimama kama kadi. Kizimba nacho alikisugua ndani na nje kwa dawa ya kuua vijidudu, ile nyeupe kali, chupa nzima. Alisugua kamba. Alisugua bakuli. Alikuwa na furaha kubwa na sikutaka kumkatiza, kwa hiyo nilinyamaza nikafunga masanduku.

Mwisho akaitazama meza. Juu yake palikuwa na kile kitambaa kizito kinachotandikwa chini ya nguo zinapopigwa pasi, kimebabuka hapa na pale, kahawia kwa miaka ya moto na jasho la mikono yake. Akakivuta, akanipa kwa ncha za vidole.

"Hiki katupe. Hakifuliki tena."

Nikakitia ndani ya kikapu changu, nikamwambia nitakitupa njiani. Njiani sikuona jalala, wala sikulitafuta. Kesho yake asubuhi nilipopanga ndizi na chupa ya chai ya safari kwenye kikapu hicho hicho, kitambaa bado kilikuwa chini.

Tulifika stesheni mapema. Mume wangu na mchukuzi walikiweka kizimba mbele ya dirisha la mizigo, na karani akatoka, penseli sikioni, mtu makini lakini si mkorofi. Akasoma cheti cha chanjo. Akatikisa nondo za mlango, akaridhika.

"Haya mzee, mwingize."

Shemeji akaufungua mlango. "Kifungo. Nyumbani."

Kifungo akasogea, akanusa mlango, akaganda. Akanusa tena. Kisha akaanza kutetemeka kuanzia mkia, akarudi nyuma mpaka akagota kwenye magoti ya bwana wake. Shemeji akamwita kwa upole. Akaweka chakula ndani. Mbwa aliyekuwa akikoroma humo kila siku sasa alikigeuzia kizimba mgongo, akainua pua juu na kulia, kilio kirefu kilichowafanya abiria wote wageuke. Mume wangu akamshika kiunoni amwingize. Kifungo akapiga mateke, akakwaruza mbao, akageuka na kumng'ata mkono kwa meno yale ambayo mimi nilikuwa nayadharau.

"Mwacheni," akasema karani. "Mzee wangu, nisikilize. Mbwa anayepigana na kizimba hapa, ndani ya behewa atajiua. Nimeshaona. Asipoingia mwenyewe, simpakii."

"Tupe nafasi kidogo, mwanangu," shemeji akaomba.

"Nafasi mnayo mpaka behewa lifungwe."

Shemeji akakaa juu ya sanduku lake. Suruali yake ilikuwa na mstari unaoweza kukata nyanya, na ndani ya suruali hiyo mguu mbovu ulikuwa unacheza wenyewe. Mbwa akaja kuficha kichwa katikati ya magoti yake.

"Basi," akasema. "Turudi nyumbani."

"Nyumbani wapi, kaka?" mume wangu akauliza, amejifunga leso mkononi. "Funguo tumeshamkabidhi mwenye nyumba."

"Nitatafuta chumba kingine. Huyu haoni. Siwezi kumwacha gizani peke yake."

Nilitaka kulia, na mimi nikitaka kulia hukasirika. Nikakiinamia kile kizimba nikitaka kukipiga kofi, na nilipoinama, harufu ya ile dawa ikanipanda puani hadi kwenye macho. Nikajua pale pale nilikowahi kuinusa: kwa daktari wa mifugo, tulikompeleka Kifungo kuchanjwa, alikolia hivi hivi. Nikalivuta blanketi. Lilikuwa halinuki kitu chochote. Lilikuwa gumu kama ubao.

"Shemeji!" Sauti yangu ilimtoa karani dirishani. "Umemfulia mbwa nyumba yake yote! Yeye anaona kwa pua, na wewe umemfutia kila kitu. Anadhani umemleta kwa yule wa sindano!"

Akanitazama. Akalishika blanketi, akalipeleka puani, na uso wake ukabadilika polepole. Dobi mzima, maisha yake yote anatoa harufu za watu kwenye nguo, na hakuwa amewahi kufikiria kwamba kuna mtu anazihitaji.

"Mungu wangu," akasema.

"Una kitu chochote kichafu?"

"Kichafu?" Aliuliza kama nimemwita mwizi.

"Soksi, fulana, kitu!"

Hakuwa nacho. Soksi mpya, fulana imefuliwa, hata leso ya mfukoni ilikuwa na pembe. Nikasema moyoni, kwa nini mtu huyu hakuwa na uchafu kidogo kama binadamu wengine? Ndipo nikakumbuka kikapu.

Niliimwaga chai. Nilizimwaga ndizi. Nikakitoa kitambaa cha meza, nikakikunjua, na hata mimi nisiye na pua ya mbwa nilikisikia: mkaa, nguo iliyoungua kidogo, na jasho la shemeji. Mume wangu alikuwa ameshachota maji bombani, tukaisuuza ile dawa kadiri tulivyoweza, karani akatuletea tambara kavu bila kuombwa. Nikampa shemeji kitambaa, akakitandika ndani kwa mikono yake. Lile blanketi la wanga tuliliacha pembeni. Wahenga walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi nilimwambia hivyo mara mbili, kwa sababu mara moja isingetosha.

"Kifungo," akaita. "Nyumbani."

Mbwa hakusogea. Kisha pua ikainuka. Ikaelekea mlangoni, ikarudi, ikaelekea tena. Akapiga hatua moja, akanusa ukingo wa kitambaa, akapiga chafya kwa mabaki ya dawa. Akaingiza kichwa, mabega, akazunguka humo kama anavyozunguka siku zote, akajiangusha na kuguna.

Shemeji akafunga mlango wa nondo kwa uangalifu, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwenye ukoo ule nikaona shati lake limetoka kwenye suruali. Hakulichomeka. Karani akaandika, akasema, "Mzee, panda garimoshi lako," na mimi nikamkumbatia karani wa watu, mume wangu anatazama.

"Nilikwambia ukitupe," shemeji akaniambia dirishani, behewa lilipotikisika.

"Nilisahau."

Sikusahau. Nilitaka nibaki na kitu chake, basi. Miaka yote alinipigia pasi nguo za kazi bila kunitoza, akanitania, akanisikiliza, na sikuwa tayari kuona chumba chake kinabaki kitupu. Lakini treni ilipoondoka nikiwa na kikapu kilicholowa chai, sikujuta. Nilikuwa mwepesi hata nikaila ile ndizi iliyopondeka.

Walifika salama. Binti akapiga simu, "Mama mdogo, wamefika wote wawili, na mume wangu ndiye anayembeba mbwa!" Huyo ndiye mkwe aliyetusumbua hivyo. Baadaye shemeji mwenyewe akapiga.

"Kifungo anaendeleaje?" nikauliza.

"Anakula. Ameshajua choo kiko wapi."

"Na kile kitambaa? Shemeji, usinidanganye. Umekifua?"

"Sijakifua," akasema. "Chumba hiki ni kizuri, shemeji, ila usiku wa kwanza sikulala. Kila nikigeuka nasikia harufu ya rangi mpya. Nikamfungulia Kifungo kizimba, nikakitoa kitambaa, nikakitandika chini kando ya kitanda, akaja akalala juu yake." Nikamsikia anavuta pumzi. "Ndipo na mimi nikalala."