Mgonjwa wa Karatasi

Mama Warsiyem alikuwa mgonjwa wetu wa kuigiza. Alfajiri anauza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, sokoni Bantul, saa nne anafika chuoni kwetu Yogyakarta kwa baiskeli yake, nampa karatasi ya maradhi ya siku hiyo. Anayakariri yote, kisha anakaa kitini kuugua mbele ya wanafunzi wa udaktari. Miaka kumi na mmoja. Kifua kikuu ameugua, kisukari ameugua, na siku moja tulimpa mimba kwa makosa akiwa na miaka hamsini na nane. Aliibeba vilevile, darasa zima hoi kwa kicheko.

Kazi yake kubwa ilikuwa kukana. Kwetu mgeni hapokei chai mpaka akaribishwe mara tatu, na maradhi tunayaficha kwa adabu hiyohiyo. Ndiyo maana wanafunzi niliwapigia kelele: uliza, rudia, rudia tena. Asiyefika mara ya tatu nilimkata alama bila huruma. Mimi si mpole, najijua.

Jumanne ile zamu ilikuwa ya Wening, binti mwoga anayeongea kwa kunong'ona. Karatasi ilisema kichwa kinauma, na siri ni kwamba mgonjwa ameacha dawa za presha. Wening akauliza kama kuna kingine. Mama akatabasamu, hakuna. Binti akarudia, hakuna. Mara ya tatu Mama akaitoa siri, nami nikaandika alama. Kumbe binti kwa woga wake alishapoteza hesabu.

"Na kingine, Mama? Chochote tu."

Tabasamu likamtoka Mama Warsiyem.

"Kipo, mwanangu. Nina uvimbe titini. Mwaka wa pili huu."

Hasira zikanipanda. Nikamkaripia Mama mbele ya watu kwamba asituongezee mambo, hilo halimo kwenye karatasi.

"Si la karatasi, Mwalimu," akasema taratibu. "Ni langu."

Nikampeleka chumba cha pili, nikampima kwa mikono yangu. Uvimbe mgumu, mkubwa kama yai la kware, hautikisiki, na kwapani mna mwingine. Mimi, daktari mzima! Mtu anakaa hatua mbili kutoka kwangu mara tatu kwa wiki, na sijui lolote. Nikamuuliza, machozi yananilenga, kwa nini hakuniambia. Alikuwa anafunga vifungo vya blauzi.

"Kila siku uliniuliza hujambo, Mwalimu. Mara moja. Kisha ukanipa karatasi."

Nikampeleka hospitali siku hiyohiyo.

Daktari wa upasuaji ametuambia tumechelewa sana, ila atajaribu. Mama analazwa kesho. Nilimwambia nitamsindikiza, akasema nisijisumbue, ana mpwa wake. Nikamwambia tena, akacheka, akasema nina wanafunzi wananingoja. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikamwomba mara ya tatu.



"Basi njoo," akasema. "Naogopa."