Injini ya Stroki Mbili

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, shemeji yangu aliponirudishia rimoti na kusema, "Shemeji, umeniletea mashine ya kunyolea."

Saa naijua kwa sababu nilikuwa napima betri inadumu muda gani, na daftari lilikuwa wazi gotini. Gari lenyewe, dogo la kuendeshwa kwa rimoti, lilikuwa la kuazima kwa mwenzangu wa kazini, kwenye kiwanda cha Nyakato ninakotunza stoo. Lilikuwa la umeme, zuri, jepesi, lenye mbio. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa na nilikuwa nimeamua kununua gari la rimoti la kwanza maishani mwangu. Kila nilichosoma kilisema anayeanza aanze na la umeme: unachaji, unaendesha, unaliweka. La naitro, lile lenye injini ndogo inayochoma mafuta na kutoa moshi, waliliita la watu wenye subira.

"Halina sauti," shemeji akaendelea. "Sasa likiumwa utajuaje?"

Shemeji ni kaka wa mke wangu, mtu wa Mara aliyehamia Mwanza akiwa kijana. Kwa zaidi ya miaka ishirini alitengeneza injini za mitumbwi katika banda lake mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, kule Pasiansi. Mvuvi akileta injini kwa toroli, shemeji hakushika spana kwanza. Alisema, "Washa," akainamisha kichwa, akasikiliza kama anayesikiliza mtoto anaeleza kwa nini amechelewa shule. Kisha akataja ugonjwa, na mara nyingi alikuwa sahihi.

Halafu akapata kiharusi, ile wanayoiita stroki hospitalini. Mguu ulirudi kwa kiasi chake. Maneno yalirudi yote, na mengine ya ziada. Mkono wa kulia haukurudi. Banda likapangishwa fundi mwingine, na toroli za injini zikawa zinapita mbele ya nyumba yake bila kusimama. Wenye injini walimsalimu kwa heshima, wakaulizia afya yake, wakaendelea na safari.

"Kila mtu ananiuliza nimelalaje," aliniambia siku moja. "Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza kuhusu injini."

Ile asubuhi ya mashine ya kunyolea nilirudi nyumbani nikafuta ukurasa mzima wa daftari. Nikaanza upya na magari ya naitro.

Nilichagua kwa wiki tano. Magari ya chini, yale ya kukimbia kwenye lami, niliyaondoa siku ya kwanza. Mtu anayeishi katikati ya mawe ya Mwanza hana haja ya kueleza kwa nini. Nikabaki na mawili aliyokuwa nayo muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, yote yamenyanyuka vizuri, yote yana matairi makubwa. La kwanza liliwashwa kwa kuvuta kamba, kama injini ya mtumbwi, na bei yake ilikuwa afadhali. La pili liliwashwa kwa stata ya betri, kifaa kama drili ndogo ambacho unakichomeka nyuma ya injini na kubonyeza. Nilipendelea la kamba. Lilikuwa na kitu kimoja pungufu cha kuharibika.

Lakini nilipojaribu kuwaza namna ya kuvuta ile kamba, niliona kwamba mkono mmoja unavuta na mwingine unashikilia gari lisiruke. Nikanunua la stata. Katika daftari, kwenye nafasi ya sababu, niliandika: "Urahisi."

Boksi lilifika kwa basi. Tulilifungulia barazani kwake. Shemeji aliligeuza gari kwa mkono wa kushoto, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akaona stata.

"Halina kamba?"

"Halina. Hili ni rahisi zaidi."

Alinitazama. "Umelinunua kwa sababu ya mkono wangu."

Nikaanza kukunja boksi. Akaichukua stata, akaichomeka mwenyewe bila msaada, akabonyeza kitufe mara moja na kucheka. "Haya bwana. Sasa tuone huyu mtoto anakula nini."

Hapo ndipo nilipokosea.

Mke wake alikuwa amekaa mlangoni anachambua dagaa, na majirani wawili, wavuvi, walikuwa wamesimama uani kutazama. Shemeji akawaeleza kwamba hii ni injini ya stroki mbili, sawasawa na zile za mitumbwi, ila imepungua mwili. Akagonga kifua chake. "Yenyewe ina stroki mbili, mimi nina moja tu. Imenishinda kwa goli moja." Wavuvi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiutania ule ugonjwa mbele ya watu. Kisha akaagiza petroli na oili, achanganye kama alivyochanganya maisha yake yote.

Mimi nilikuwa nimesoma kitabu cha maelekezo, kilichoandikwa kwa Kiingereza, mara tatu. Kilisema wazi kwamba injini ile haili petroli. Ina mafuta yake, ya spiriti maalumu na naitro na oili, na galoni moja nilikuwa nimeshaagiza. Ilikuwa bado njiani.

"Shemeji, kitabu kinasema..."

"Kitabu!" Akawageukia wavuvi. "Hawa shemeji zetu wa Bukoba wanasoma hata maelekezo ya kiberiti. Nani fundi hapa?"

"Wewe," nikasema.

Ningeweza kusema neno moja zaidi. Nilimwona alivyokaa, mgongo umenyooka, watu wamemzunguka wakisubiri kauli yake, nikaona ni ukatili. Nikashika chupa wakati yeye anapima oili.

Injini haikuwaka. Tulijaribu kwa saa nzima na zaidi. Alilegeza skrubu ya kabureta, akaikaza, akainamisha kichwa kusikiliza, na hapakuwa na cha kusikiliza zaidi ya stata kulalamika. Mvuvi mmoja akakumbuka ana safari. Wa pili akamfuata. Ule mpira laini wa kupitisha mafuta ulianza kuvimba kama utumbo, na plagi ikaungua.

Shemeji aliweka bisibisi chini. "Sikio nalo limeenda," akasema taratibu. Akashika fimbo yake akaingia ndani.

Mke wake aliendelea na dagaa. Bila kuinua uso aliniuliza, "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Basi mwambie. Wewe utarudi kwako, mimi nalala naye nyumba moja."

Sikumwambia siku ile. Niliosha tangi, nikarudi Nyakato, nikajiambia kwamba nasubiri mafuta yafike ili nimwoneshe kwa vitendo. Siku tatu baadaye mke wangu alipigiwa simu kwamba kaka yake amemwita yule fundi aliyepanga banda ili amuuzie spana zake zote. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda bajaji hadi Pasiansi.

Nilimkuta barazani, spana zimepangwa juu ya gunia kwa ukubwa wake. Nilimwambia moja kwa moja. Kwamba injini ile haiwezi kuwaka kwa petroli, hata angeiwasha fundi aliyeiunda. Kwamba nilijua tangu mwanzo na nikanyamaza.

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Watu walikuwepo."

"Ungenibishia zamani, kabla sijaumwa?"

Nilifikiri kwa uaminifu. "Ningekubishia mpaka jioni."

"Kumbe." Sauti ilipanda. "Kumbe na wewe unaniuliza nimelalaje! Siku tatu najiona nimekwisha, shemeji, siku tatu, na wewe una jibu mfukoni!"

Alinisema vya kutosha, kwa Kiswahili na kwa Kijita, na mke wake hakutoka kuniokoa. Alipomaliza alipumua, akasukuma gunia kidogo kwa mguu, akasema, "Kilete hicho kitabu. Soma. Usiruke."

Nikamsomea, nikigeuza kila sentensi kwa Kiswahili. Alinikatiza kwenye plagi.

"Hairushi cheche?"

"Hairushi. Ina waya mdogo ndani. Unaupasha kwa betri mwanzoni, halafu mafuta yenyewe yanaufanya uendelee kuwa mwekundu."

Niliona macho yake yakiingia ndani ya ile injini. "Kwa hiyo ni kaa la moto. Petroli inataka cheche, na humo ndani kuna kaa." Akatikisa kichwa. "Ingewakaje sasa?"

Yule fundi alipokuja kutazama spana aliambiwa arudi nyumbani, mali haiuzwi. Kabla hajaondoka alitaja injini moja ya mtumbwi inayomsumbua, inayozima ikifika katikati ya maji. Shemeji akamwambia ailete chini ya dirisha na aiwashe.

Mafuta na vipuri vilifika wiki iliyofuata. Jumapili baada ya ibada tulilipeleka gari kwenye kiwanja cha udongo karibu na ziwa. Shemeji alikaa kwenye kiti cha plastiki, akabonyeza stata kwa mkono wake wa kushoto, na injini ikapiga kelele kali, nyembamba, ikatoa moshi wenye harufu ya mafuta ya nyonyo. Aliinamisha kichwa. "Imeshiba mafuta sana. Iache hivyo hivyo, injini mpya haikimbizwi." Wale wavuvi wawili walikuwepo. Mmoja akauliza mbona gari linatembea kama limebeba mgonjwa.

"Limembeba," shemeji akajibu, "na ndiye anayeliendesha."

Tulipokuwa tunafungasha alidai hesabu ya vilivyoharibika. Nikamwambia aache. Akanyoosha mkono mpaka nikampa daftari: plagi, mpira wa mafuta, kizibo cha tangi kilichovimba, na nauli ya mzigo.

"Nusu yangu kwa kubisha," akasema. "Nusu yako kwa kunyamaza."

Jumla ilikuwa shilingi elfu arobaini na sita. Alinihesabia elfu ishirini na tatu kamili.