Uwele Kwenye Njia ya Gari

Bi Zuleha alivua kandambili zake getini, si mlangoni. Watu wengine huvua viatu wanapofika kwenye mkeka au kizingiti cha sebule. Yeye alizivua pale pale alipofunga komeo la geti, akazipachika kwenye tundu la ukuta, akaipanda njia ya gari miguu mitupu hadi ndani. Alifanya hivyo tangu mwaka ambao mumewe alimwaga zege la njia hiyo, na aliendelea hata magoti yalipoanza kumsumbua na daktari akamwamuru avae viatu vya soli nene. Alivaa. Akifika getini, anavivua.

Njia yenyewe ilikuwa bapa la zege lililotoka getini hadi ubavuni mwa nyumba, huko Chang'ombe, Dodoma. Marehemu Mzee Mustapha alilimwaga kwa ajili ya lori alilokusudia kununua. Lori halikuja. Walikuja wanawake. Nyua za majirani zilikuwa udongo mtupu, na mtu aliyelima uwele wake kwa jasho hataki kutafuna mchanga kwenye uji. Kwa hiyo kila mavuno walibisha hodi na magunia yao, wakavua viatu, wakatandaza nafaka, wakakaa pembeni kuigeuza na kufukuza kuku. Na kusengenya. Siku nzima.

Abdulrahim, mwana wa pekee wa Bi Zuleha, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, aliona kitu kingine. Aliona ufa uliopita katikati ya zege na mche wa mtama ulioota ndani yake. Aliona pia jinsi nyumba za jirani, tangu serikali ihamie, zilivyotandikwa pevingi, yale matofali ya kupanga uani, za rangi nyekundu na kijivu. "Mama anaishi kwenye gofu," alisema. Akaamua zege ling'olewe na pevingi ziwekwe kabla ya Idi ya kuchinja. Akataka makadirio.

Fundi wa kwanza alitaja bei ya pikipiki. Wa pili alitaja gharama ya harusi ya kadiri. Wa tatu alimfanya Abdulrahim aulize kama amepima njia ya gari au uwanja wa ndege wa Msalato. Ndipo alipompigia Salwa.

Salwa alikuwa binti wa mdogo wake Bi Zuleha, mkadiriaji majenzi aliyesomea chuo, umri umeshapita arobaini. Aliishi peke yake kwenye nyumba mpya nje kidogo ya mji, na pevingi za kwake zilikuwa safi mno kwa sababu hakuna aliyezikanyaga.

"Dada, wewe ni damu," Abdulrahim alisema kwenye simu. "Nenda kapime."

"Kwani mafundi hawakupima?"

"Walikisia kwa macho. Kila mmoja ana sababu zake, hata sizielewi."

Salwa alizielewa alipofika. Njia nzima, ukuta hadi ukuta, ilikuwa imefunikwa uwele.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Naona umekuja na mkoba, kumbe uko kazini! Pita huku pembeni, usije ukakanyaga uwele wa Mama Elieth."

Hakuna mtu wa Dodoma anayekanyaga chakula. Kwenye nchi ambayo mvua hukata katikati ya msimu, na kila ukoo una mwaka wake wa njaa wa kuhadithia, mtu anaweza kukutukana mkapatana. Akiweka kiatu juu ya nafaka yako, hampatani. Hata mwizi huzunguka. Fundi Yoramu wa Mvumi, yule wa pili, alikuwa amesimama getini na tepu yake mkononi, akatazama, akala ugali aliokaribishwa, akaenda kukadiria akiwa nyumbani kwake.

Salwa alikunywa chai akisubiri. Jua likashuka, uwele ukaanuliwa. Kabla hajaikunjua tepu, mikeka ilikuwa imeshatandikwa, na wanawake wameshakaa wakisubiri adhana ya magharibi.

"Utawainua watu wenye udhu wao kwa ajili ya tepu?" Bi Zuleha aliuliza, kwa upole uliozidi kiasi.

Alirudi baada ya siku chache akakuta mtama. Juma lililofuata akakuta karanga za Kongwa. Hapo aliinama, akaokota punje moja, akaitafuna taratibu.

"Mama mkubwa, karanga hizi zimekaangwa."

"Ndiyo."

"Zina chumvi."

"Zinapoa," alisema Bi Zuleha bila kupepesa.

"Gunia zima la karanga za kukaanga?"

"Tuna mgeni."

"Yuko wapi?"

"Si wewe?"

Nyuma yake Mama Elieth alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika.

Salwa akaona ajaribu kupima kwa nje, kandokando ya ukuta. "Lete nikushikie ncha," alisema Bi Zuleha, akaivuta tepu kwa bidii ambayo ingemtia shaka hata mtoto mchanga. Salwa alisoma kipimo, akakisoma tena, kisha akazunguka kona kuangalia. Mama yake mkubwa alikuwa amevuka barabara na kusimama mlangoni kwa muuza mkaa, ncha ya tepu ameishika vizuri kabisa.

"Kwa kipimo hiki, gari la Abdulrahim litalala kwenye mkaa."

"Litalala salama. Muuza mkaa mbwa wake mkali."

Salwa alicheka hadi akakaa chini. Alishangaa kusikia kicheko chake mwenyewe, kama mtu aliyekutana sokoni na jirani wa zamani. Alipotulia aliuliza, "Hebu niambie ukweli. Pevingi zina ubaya gani?"

"Zina mianya. Anika uwele juu ya mianya, nusu yake wanakula sisimizi. Nani ataleta?" Bi Zuleha alikaa karibu naye. "Wakipeleka nafaka zao kwingine, sitawaona tena. Si kwa ubaya. Mtu huenda penye shughuli yake. Mimi nitabaki na gari, tena la mtu anayekuja Idi hadi Idi."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nimwambie mama yake anaogopa upweke? Atanihamishia kwake, nikakae na televisheni."

Salwa aliijua hiyo televisheni.

Hakuwa mtu wa kughushi hesabu, wala Bi Zuleha hakumwomba aghushi. Alisema tu wasogeze karanga, na Salwa akapima hatimaye, urefu na upana. Kisha alichimba kwa patasi kando ya ufa ili ajue unene. Patasi ikadunda. Mzee Mustapha alikuwa amelimwagia lori lake zege la kweli, nene kama msingi wa ghorofa, lenye nondo ndani, na ufa haukufika hata nusu yake. Kulivunja kungetaka mashine, vibarua na malori ya kuzoa kifusi, na kuvunja peke yake kulikuwa ghali kuliko pevingi, mchanga na ufundi vikijumlishwa. Salwa hakuongeza hata senti. Gharama ya kweli ilizipita bei za mafundi wote watatu. Chini kabisa ya makadirio akaandika mstari mmoja zaidi: kuziba ufa, saruji mfuko mmoja.

Alipoyatuma, simu ya Abdulrahim ikaja mara moja. "Dada, mafundi wale ukiwajumlisha hawakufikii!"

"Wao walikisia. Mimi nimepima."

"Unamfanyia kazi nani wewe?"

"Aliyenipa chai."

Abdulrahim alikuja mwenyewe siku ya Idi, na gari jipya, ajionee. Geti lilipofunguliwa alikuta uwele, ukuta hadi ukuta. Akapiga honi. Waliosogea ni kuku peke yao.

"Pita mwanangu," mama yake alisema kutoka barazani, ambako Salwa alikuwa akipanga sahani za pilau. "Ni uwele wa Mama Elieth tu, na wa yule mjane wa nyumba ya nyuma. Pita."

Gari likasogea kidogo. Mama Elieth akasimama, akashika kiuno. Gurudumu la mbele likafika ukingoni mwa nafaka, likasita. Mwishowe gari likarudi kinyumenyume hadi barabarani, likaachwa kwenye vumbi, na Abdulrahim akaingia kwa ubavu, mgongo umebana ukuta, kanzu yake ya Idi ikifuta chokaa yote ya upande ule.

"Huo mfuko mmoja," alisema alipofika kwenye pilau, bila kumtazama Salwa, "ununuliwe."

Fundi Yoramu aliziba ufa kwa asubuhi moja, na akala ugali kama kawaida.

Bi Zuleha alipata misimu mingine miwili ya mavuno kabla ya ugonjwa uliomchukua. Mara ya mwisho Salwa kuzungumza naye ilikuwa jioni ya Jumamosi, nafaka zimeshaanuliwa. Alikuwa amepita kumjulia hali, akakawia, akaaga, akakawia tena. Hakusema kwamba kesho yake hana pa kwenda. Bi Zuleha alikuwa akifagia punje zilizobaki, na hakuinua kichwa.

"Kesho wanaleta alizeti," alisema. "Na wewe njoo na chochote. Hata mchele wa dukani, tutauanika."