Babu Aliponinolea Skii

Usiku ule nililala na soksi mbili mbili, na tupa ya Babu ikinitazama kutoka juu ya kabati. Babu alikuwa mnoa visu sokoni Morogoro. Alipofariki, mama aliifunga tupa yake, ule msasa wa chuma wa kunolea, kwenye kitambaa akanitumia huku kwenye nchi ya baridi, nilikokuja kusoma na nikabaki baada ya kuhitimu. Ilikaa juu ya kabati mwaka mzima. Sikuwahi kuigusa.

Wiki ile nilikuwa na sababu ya kuigusa. Nina skii za mtumba, zile mbao mbili ndefu za kutelezea kwenye theluji, zenye ukingo wa chuma kila upande. Ukingo ukiwa mkali unakata barafu, nawe unageuka unapotaka. Wangu ulikuwa butu. Jumamosi iliyopita nilijaribu kugeuka, skii zikakataa, nikateleza kwa makalio hadi katikati ya mlima mbele ya Ingrid, mwenzangu wa kazini, na kundi la watoto wa chekechea. Nusu iliyobaki nilishuka kwa miguu, skii begani.

Aibu nimeizoea. Kilichonitisha ni kingine. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikitumiwa ujumbe wenye nukta mwishoni, nawaza siku mbili kwa nini kuna nukta. Kule kwenye theluji tu ndiko kichwa changu hunyamaza, na sasa nilikuwa napapoteza hata pale. Ingrid alikuwa ameniuliza kama tutakwenda tena Jumamosi. Badala ya kumjibu, nikaanza kuandika tangazo la kuziuza skii.

Dawa ilikuwa kuzinoa. Nilitazama video mpaka macho yakauma. Mmoja anasema pembe ya digrii themanini na nane, mwingine themanini na saba. Wote wanasema chuma kikishaondoka hakirudi. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikazilaza skii sakafuni, nami nikalala.

Mara nikajikuta nashuka kwenye chumba cha chini cha jengo letu, tunakoweka baiskeli. Nikafungua mlango, na nyuma ya mlango ni soko la Morogoro. Ni asubuhi, jua linawaka, na theluji imelala juu ya mafungu ya nyanya. Hakuna anayeishangaa. Akina mama wanaipangusa kwa kanga kama wanavyopangusa vumbi.

Pembeni ya mabucha, pale pale alipokaa miaka yote, Babu yuko juu ya baiskeli yake ya kunolea. Anapiga pedeli, jiwe linazunguka, cheche zinarukia theluji na kuzimika. Amevaa koti lake la kahawia lililochanika mfuko. Najua amekufa, na hainisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni foleni: sijui kama napanga upande sahihi.

Mbele yangu kuna muuza nyama ameshika visu vitatu. Anazitazama skii zangu juu mpaka chini.

"Dada, hayo mapanga unachinjia nini? Twiga?"

Foleni nzima inacheka. Babu anainua kichwa.

"Mke wangu! Unapanga foleni kwa mume wako mwenyewe?"

Ameniita hivyo tangu nikiwa na miaka mitatu, na Bibi akawa mke mwenzangu. Napita mbele, watu wananigunia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Lete."

"Babu, kwanza kuna pembe. Ni digrii themanini na nane, ila wengine wanasema..."

"Digrii tena? Si ulishapata moja, tukala pilau?"

Anapitisha kucha ya kidole gumba kwenye ukingo. Kucha inatoka nzima. "Kijiko hiki," anasema, na muuza nyama anacheka kuliko inavyostahili. Kisha Babu anasimamisha jiwe. "Jiwe la kuzunguka litaiunguza hii. Hii ni ya tupa."

Anaingiza mkono kwenye mfuko uliochanika, anatoa tupa ile ile ya juu ya kabati langu. Anatoa na kipande cha mkaa, anaupaka ukingo wote weusi, kutoka mbele hadi nyuma. Na mimi nilikuwa nimesahau! Mikasi ya mafundi cherehani aliipaka mkaa hivyo hivyo. Tupa ikipita, mkaa unaondoka na chuma kinang'aa; palipobaki peusi, tupa haijafika. Macho yanaona yenyewe, huhitaji kubahatisha.

Anavuta. Mvuto mmoja mrefu, taratibu, kisha mwingine, mkono wake haubadiliki.

"Ukiona mkaa umekwisha, acha," anasema bila kunitazama. "Wewe ni mgumu kuanza, na ukianza ni mgumu kuacha."

Umebaki weusi kidogo tu kwa nyuma, urefu wa kidole. Hapo anasimama, ananinyooshea tupa. Babu hakuwahi kumrudishia mtu kisu kilichomalizika. Pigo la mwisho alimwachia mwenye kisu, hata mteja awe na haraka vipi, ili kisu kiujue mkono wa mtu wake.

"Babu, nikiharibu?"

"Utakuwa umeharibu urefu wa kidole. Vuta."

"Vuta, dada!" muuza nyama anapiga kelele. "Nyama inanuka huku!"

Navuta. Chuma kinaimba, mkaa unaondoka, na soko linainama. Njia ya kati ya meza imekuwa mteremko, skii ziko miguuni, na ukingo unang'ata barafu kweli kweli. Babu yuko ubavuni mwangu juu ya baiskeli, miguu ameiachia hewani, koti linapepea.

"Geuka!"

Nageuka.

"Geuka tena!"

Nageuka tena. Vitunguu vinabingirika pamoja nasi, akina mama wanapiga vigelegele, na ndani ya kichwa changu hakuna mtu anayesema chochote. Tunacheka mpaka chini. Huko Babu anafunga breki kwa kandambili, lakini hashuki.

"Mwambie mke mwenzio, kisu chake bado pigo moja."

"Kisu gani, Babu?"

Ameshaanza kupiga pedeli.

Niliamka mashavu yakiniuma kwa kucheka. Huku kulikuwa bado giza, lakini Morogoro jua lilishatoka. Nikapiga simu kabla sijapata nafasi ya kuwaza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Kuna usalama?"

"Upo. Nimemwota Babu akininolea skii zangu."

"Kavaa nini?"

"Koti la kahawia."

"Lile lililochanika? Na suti mpya tuliyomvisha kaipeleka wapi?"

"Amesema kisu chako bado pigo moja."

Nilisikia akiwafukuza kuku wake. Kisha akaniambia. Siku moja kabla ya kupelekwa hospitali, Babu alimnolea kisu cha jikoni, akamwita aje apige pigo la mwisho. Bibi alikuwa anakaanga samaki. Akasema, kesho. Tangu hapo kisu kiko kwenye droo, na vitunguu anakatia kisu cha jirani.

"Sijamwambia mtu," alisema. Nikadhani atalia. Akaangua kicheko. "Mume wetu huyu! Mpaka leo anakumbuka!"

Nikasikia droo ikivutwa. "Usikate simu. Na wewe una pigo lako?"

"Ninalo. Ila sijui pembe, Bibi."

"Mimi ndiyo najua? Twende."

Nikachukua maka peni, nikaupaka ukingo wote weusi. Kule, kisu kikapita juu ya kinoo mara moja. Huku, nikavuta tupa ya Babu. Mstari mwembamba wa chuma ukang'aa. Nikavuta tena, na tena, huku Bibi akinitangazia kwamba kitunguu kinakatika chenyewe. Ukabaki weusi wa urefu wa kidole. Nikavuta, ukaisha. Nikapitisha kucha, ukingo ukaikwangua, ikatoa unga mweupe.

Mkono ulitaka kuongeza mvuto mmoja, kwa usalama tu. Nikaiweka tupa chini. Kisha nikamwandikia Ingrid kwamba Jumamosi nipo, nikautuma ujumbe bila kuusoma mara ya pili.