Nyasi za Nyuma ya Vichanja

Binti yangu wa pili alikuwa anatoka nje siku zisizo na mwezi tu. Hilo ndilo lililoanza kunisumbua. Mwezi ukiwapo, alikaa jikoni na mama yake mpaka wakati wa kulala. Mwezi ukikosekana, akimaliza kula tu, anasema anakwenda kuangalia kahawa.

Kahawa yetu hapa Ihanda tunaianika kwenye vichanja nyuma ya migomba, na jioni tunaifunika kwa nailoni isilowe umande. Ni kazi ya dakika kumi. Yeye alikaa saa nzima. Asubuhi moja nilikuta nailoni ya akiba imetandikwa chini, nyasi zimelala kwa urefu wa mtu. Alama ile ingeweza kuwa ya mtu mmoja, au ya wawili waliobanana. Nikachagua wawili.

Nilipomuuliza jikoni, alijibu bila kusita. Alisema anatazama Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe unaopanda toka kusini miezi ya mavuno. Mama yangu aliuita moshi, nasi tukaishia hapo. Binti akasema si moshi, ni nyota, nyingi mno na za mbali mno hata jicho linaziona kama unga uliomwagika. Jua letu ni mojawapo, akasema, na sisi tumo humo humo ndani, kama mtu aliye katikati ya shamba la mahindi: haoni umbo la shamba, anaona mabua tu. Mwezi ukiwaka, mkanda unafifia.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Mwalimu wa jiografia, baba."

"Anakufundisha ukiwa umelala chali?"

Mama yake aliinamisha kichwa. Binti alinyamaza, na ukimya wake nikauchukua kuwa jibu. Mimi nami nilifika kidato cha nne. Ningeweza kumwomba kitabu nikasoma. Sikuomba.

Usiku uliofuata nilijibanza kwenye migomba. Alikuja peke yake, akatandika, akalala akitazama juu. Nilingoja huyo mwingine mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuja. Nikammulika tochi usoni, kisha nikamulika migomba, mtaro, hadi kwenye choo. Hapakuwa na mtu. Mtu mwenye shaka hatulizwi na hilo. Nilijiambia huyo mwingine amekimbia kabla sijamwona. Nikamrudisha ndani kwa mkono.

Asubuhi nilirudi peke yangu kutafuta nyayo. Umande ulikuwa mzito, nyasi zote nyeupe, na ndani yake kulikuwa na njia mbili tu zilizokanyagwa: yangu kutoka migombani, na yake kutoka jikoni. Upande wa shamba, ambako mgeni angepitia, hakukuwa na jani lililoguswa. Nilisimama pale nikaelewa kila kitu. Kisha jua likapanda, umande ukakauka, nami nikaingia ndani kunywa chai. Sikusema neno.

Alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano. Badala yake nilimpeleka Tunduma kwa shangazi yake, akauze vitenge kwa wateja wa kutoka Zambia, akiwa chini ya macho ya mtu mzima. Niliona aibu kubadili kauli. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine.

Sasa ana duka lake na watoto wawili. Mwaka huu, wakati wa mavuno, nilimpigia simu nikamweleza habari za ule umande. Nyuma yake nilisikia malori yakinguruma kwenye foleni ya mpakani.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua asubuhi ile ile."

"Mbona unaniambia leo? Nani kakutuma? Unaumwa?"

Nilimwambia siumwi, sijatumwa na mtu. Nikamwambia aje, nailoni ya akiba bado ipo, na wiki hii hakuna mwezi. Akasema ataona. Ilikuwa sauti yangu ile ile ya jikoni, sauti ya mtu asiyeamini anachoambiwa.

Jioni hiyo nilitandika mwenyewe, nikalala chali. Mkanda ulikuwapo, mweupe, na katikati yake mabaka meusi ambayo sijui ni nini. Angekuwapo, ningemuuliza yeye.

Asubuhi nilikwenda kutazama nyasi. Njia ilikuwa moja, yangu.