Kipande Nilicholima kwa Siri

Ulikuwa mwaka ule simsim ilikataa kuzaa, tukala ugali wa muhogo na mlenda mtupu, asubuhi na jioni, mpaka midomo ikachoka. Ndipo mjukuu wangu, yule wa chuo kikuu, alipokuja kwangu Koboko akapanda mahindi vipande viwili. Kimoja alikilima. Kingine, pale malori yalipokuwa yakigeuzia, hakukitia jembe. Alitoboa vishimo kwa chuma akadondosha mbegu. Alitaka kujua mzizi unafanya nini ukikuta udongo ulioshindiliwa. Kompyuta yake ilikwisha kuchora: mzizi unashuka kidogo, unagonga, unageukia pembeni kama mtu aliyekuta mlango umefungwa. Sasa atachimba, aone kama mizizi yenyewe inafanya vile.

Akaenda mjini Arua wiki nne, akaniachia shamba.

Mahindi ya kile kipande yalikuwa ya manjano, mafupi, kama watoto waliotoka kuugua surua. Na mwalimu wake alikuwa anakuja kuyaona. Mimi, mwanamke ninayefagia uwanja mara mbili kabla ya mgeni, nimpokee na aibu ile? Nililima katikati ya mistari, nikaenda chini kabisa, nikatia samadi, nikasawazisha udongo kwa viganja ufanane na mwanzo.

Aliporudi na mwalimu wake wakachimba, mizizi ilikuwa imeshuka wima. Mjukuu akaniuliza kama kuna mtu aligusa. Nikamwambia iko vile alivyoacha. Akaniamini. Akadhani hesabu yake ndiyo mbovu, akakaa miezi anaibomoa, chakula kinapoa mbele yake, mpaka kompyuta ikakubali kwamba mzizi unapasua udongo mgumu. Mwalimu akamsifu. Nami nikawatambia majirani.

Asubuhi ya kupeleka kazi yake chuoni, nilishindwa kuendelea kuficha. Nikamwambia yote. Alizitoa kwenye bahasha zile karatasi zilizosema mzizi ulipita kwenye udongo mgumu, akazilaza mkekani. Nikamsihi azirudishe, mwaka mzima utapotea, na nani atajua?

"Siwezi, haboba. Mzizi haukupita pale."

Haboba ni mimi, bibi yake, niliyemfundisha kushika jembe. Nikamwambia dhambi ni yangu, nitaijibu mwenyewe kwa Mungu, yeye avae joho la kuhitimu na wenzake. Nikamshika mkono. Hakuutoa, wala hakunitazama.

"Siwezi, haboba. Mzizi haukupita pale."